Kamera Mlangoni mwa Ibada: Wanamuziki, Imani na Utambulisho katika Filamu za Makala

Filamu ya makala, yaani filamu inayowaonyesha watu halisi katika shughuli zao halisi badala ya waigizaji wanaofuata maneno waliyoandikiwa, imepata kwa wanamuziki mada isiyokauka, kwa kuwa mwanamuziki humjia mwongozaji akiwa na sauti ya kuibeba picha na hadhira ambayo tayari inamfahamu. Mwanamuziki huyo anapokuwa pia mtu wa dini anayejulikana kwa dini yake, jambo la tatu huongezeka, nalo ni mgogoro, na mgogoro ndio unaotafutwa zaidi na wale wanaotoa fedha za kutengeneza filamu, maana bila mtu kuwekewa kizuizi hakuna kisa cha kumkalisha mtazamaji kwa dakika tisini. Hivyo katika muda wa miongo minne limejengeka kundi kubwa la filamu kutoka Senegal, Mali, Kongo, Misri, Jamaika, Marekani na Zanzibar ambazo, licha ya tofauti zake, zinauliza swali moja: mtu anayeimba na mtu anayesali wanaishije katika mwili mmoja, na jibu lao linasema nini kuhusu watu wao?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba filamu nyingi kati ya hizo huuweka mgogoro mahali pasipo pake. Huusimulia kama ugomvi wa muziki na dini, ilhali ukichunguzwa kwa karibu huonekana kuwa ni ugomvi wa waumini wenyewe kwa wenyewe juu ya nani ana haki ya kuimba, wapi, mwezi gani, kwa ala zipi, na fedha inaingia mfuko wa nani. Kamera nayo, ambayo hupenda kujitambulisha kama shahidi tu, mara nyingi ni mmoja wa wagombanaji, kwa sababu kuifanya ibada kuwa picha inayouzwa ni tendo lile lile ambalo waumini wanalibishania.

Mfano mzuri wa jambo hili ni filamu ya mwaka 2008 iitwayo Youssou N'Dour: I Bring What I Love, iliyoongozwa na Mmarekani Elizabeth Chai Vasarhelyi, ambaye miaka kumi baadaye alipata sifa kubwa zaidi kwa filamu ya mpanda miamba asiyetumia kamba. N'Dour, aliyezaliwa Dakar mwaka 1959, alikuwa bingwa wa mbalax, muziki wa dansi wa Senegal unaosukumwa na ngoma za sabar, alipotoa mwaka 2004 albamu iitwayo Egypt, ambamo aliwasifu masheikh wa tarika za nchini mwake akisindikizwa na okestra ya Cairo chini ya Fathy Salama. Tarika ni njia ya ibada ya Kisufi inayofuata mafundisho ya sheikh fulani na warithi wake, kama ambavyo pwani ya Afrika Mashariki inavyowajua Kadiria na Shadhilia. Kazi hiyo ilikuwa imerekodiwa mapema zaidi, lakini ikawekwa kando baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani. Ilipotoka hatimaye, Ulaya na Marekani ziliipokea kwa shangwe, na nyumbani ikakataliwa: wauzaji walirudisha kanda, na wapo walioona ni utovu wa adabu kwa mwimbaji wa kumbi za dansi kuyataja majina matukufu katika bidhaa iliyofika sokoni karibu na Ramadhani. Mapema mwaka 2005 albamu ikashinda tuzo ya Grammy, na upepo wa nyumbani ukageuka.

Filamu inausimulia mkasa huu kwa umbo linalofahamika, la msanii jasiri asiyeeleweka kwao, anayeshinda ugenini na kurudi kupatana na watu wake. Umbo hilo lina mvuto, lakini linafunika jambo ambalo Msenegal yeyote analijua. Kumsifu Sheikh Ahmadou Bamba kwa wimbo si jambo geni nchini humo. Bamba, mwanzilishi wa tarika ya Muridi, ambaye Wafaransa walimpeleka uhamishoni Gabon mwaka 1895 na ambaye alifariki mwaka 1927, aliacha kasida nyingi mno, na wafuasi wake huzighani kwa sauti kubwa usiku kucha, hasa wakati wa Magal, ziara ya kila mwaka mjini Touba inayoadhimisha kupelekwa kwake uhamishoni. Waliokasirika, basi, hawakukasirishwa na kuimba. Walichokikataa ni mwimbaji huyu, mwenye cheo hiki, kuimba katika bidhaa ya namna hii. Kwa upande wa mama N'Dour ni wa ukoo wa wagrioti, yaani watu ambao kazi yao ya kurithi ni kutunza nasaba na kuwasifu wakubwa. Hao huhitajiwa na kila mtu kwenye harusi na mazishi, lakini katika mpangilio wa zamani wa matabaka hawakuhesabiwa miongoni mwa waungwana. Swali la nani anaruhusiwa kuutamka utakatifu wa mtu mwingine lilikuwa na umri wa karne kadhaa kabla albamu haijatoka. Namna gani tuzo iliyotolewa Los Angeles iliweza kuyamaliza mabishano ya aina hiyo, au kama iliyamaliza kweli au iliyanyamazisha tu, ndilo swali kubwa ambalo filamu inalipita, ikiridhika kuona bendera na umati.

Senegal ina jambo jingine ambalo lingeweza kuwa kiini cha filamu yoyote kuhusu imani na picha. Kuta za Dakar, magari ya abiria, vioo vya maduka na shanga za shingoni zimejaa sura ya Bamba, na sura zote hizo zimetokana na picha moja tu inayojulikana, iliyopigwa mwaka 1913 sheikh akiwa chini ya ulinzi wa serikali ya kikoloni: mtu mwembamba amesimama juani, mavazi meupe, kitambaa cha kilemba kimeufunika mdomo, kivuli kimeyala macho. Waumini wameichukua picha hiyo, iliyopigwa sheikh akiwa mikononi mwa watawala waliomtia uhamishoni, na kuifanya chombo cha baraka kinacholinda nyumba na biashara. Jamii yenye uzoefu wa namna hiyo haiwezi kuelezwa kama jamii inayoiogopa picha kwa sababu ya dini. Ina elimu yake juu ya picha inavyofanya kazi, na mwongozaji mgeni anayeingia Touba na kamera anaingia katika mjadala ulioanza zamani bila yeye.

Hali ya Mali ni tofauti, kwa sababu huko amri ya kunyamazisha muziki ilitolewa kweli, kwa mtutu wa bunduki. Mwaka 2012 makundi yenye silaha yaliiteka Timbuktu, Gao na Kidal. Ala zilichomwa, redio zikakatazwa kupiga muziki waliouita wa kishetani, wanamuziki wakakimbilia Bamako na nchi jirani, na Festival au Désert, tamasha lililoanzishwa mwaka 2001 jangwani kaskazini mwa nchi, likafanyika kwa mara ya mwisho Januari mwaka huo huo. Filamu mbili zilizofuata, They Will Have to Kill Us First ya Johanna Schwartz (2015) na Mali Blues ya Lutz Gregor (2016), hazikuhitaji kuutafuta mgogoro. Hata hivyo zinatofautiana kwa jinsi zinavyoutumia. Ya kwanza, ambayo jina lake tayari limetoa hukumu, inafanya kazi kama ripoti ya vita, na thamani yake kubwa ni kuwahifadhi watu kama Khaira Arby, sauti ya Timbuktu aliyefariki mwaka 2018. Ya pili inatulia zaidi, ikimpa nafasi mpiga ngoni Bassekou Kouyaté, mpiga gitaa wa Kituareg Ahmed Ag Kaedi, mwimbaji Fatoumata Diawara na mwanarapu Master Soumy, ambaye anawadai wenye silaha waueleze Uislamu wao hadharani. Hapo ndipo filamu inapopata nguvu, kwani inaonekana wazi kwamba wanaofukuzwa nao wanasali, wanafunga, na wana hoja za kidini za kutetea kazi yao. Ni haki pia kuongeza kwamba vita vya kaskazini mwa Mali vilikuwa na mizizi mingi, ikiwemo uasi wa Watuareg na silaha zilizotapakaa baada ya kuanguka kwa serikali ya Libya mwaka 2011, na kwamba mtazamaji anayezijua sababu hizo kupitia filamu za muziki pekee atadhani taifa zima lilivunjika kwa sababu ya magitaa.

Katika makanisa ya Wamarekani weusi ugomvi huu ulikuwa na sura nyingine, na filamu iliyoushika vizuri zaidi ni Say Amen, Somebody ya George T. Nierenberg (1982). Mhusika wake mmoja ni Thomas A. Dorsey, mzee anayeheshimiwa kama baba wa muziki wa gospeli, ambaye katika miaka ya 1920 alijulikana kama Georgia Tom, mpiga piano wa blues na nyimbo za vichekesho vya chumbani. Baada ya kufiwa na mkewe na mtoto mchanga mwaka 1932 aliandika wimbo ambao leo unaimbwa katika mazishi duniani kote, Waafrika Mashariki wakiwemo. Lakini wachungaji wengi wa wakati ule walimfungia milango, wakisema analeta kilabu ndani ya nyumba ya Mungu. Kinachohesabiwa leo kuwa sauti takatifu kuliko zote kilianza kama uzushi uliofukuzwa na watu wa dini, na wakakipokea watu wa dini hao hao. Nierenberg analionyesha hilo bila kulihubiri. Anaingia pia jikoni na mezani, ambako mwimbaji aliyeolewa na mchungaji anabishana na mume wake juu ya safari za kuimba, na ambako mjukuu wa Willie Mae Ford Smith, nguzo ya gospeli mjini St. Louis, anamwambia bibi yake usoni kwamba mwanamke hakuruhusiwa kuhubiri. Bibi anamjibu kwa Biblia. Dakika hizo chache zina mafunzo zaidi juu ya imani na mamlaka kuliko mahojiano marefu na wataalamu, maana kila upande unatumia kitabu kile kile na hakuna anayetaka kutoka kanisani.

Filamu ya Amazing Grace ni kisa cha peke yake. Usiku wa tarehe 13 na 14 Januari 1972 Aretha Franklin alirekodi albamu ya gospeli katika kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, pamoja na Mchungaji James Cleveland na kwaya ya Southern California Community Choir; jengo lenyewe liliwahi kuwa ukumbi wa sinema kabla ya kuwa kanisa. Mwongozaji Sydney Pollack aliletwa kupiga picha, lakini hakutumia vile vibao vinavyogongwa mbele ya kamera ili baadaye sauti na picha ziweze kuoanishwa, na kwa kosa hilo dogo la kiufundi saa nyingi za picha zikabaki bubu kabatini wakati albamu ikiuzwa kwa mamilioni. Teknolojia ya kidijitali ilipowezesha kuzioanisha, Franklin mwenyewe alikwenda mahakamani kuzuia, na mwaka 2015 filamu ikaondolewa kwenye tamasha saa chache kabla ya kuonyeshwa. Ilitoka mwishoni mwa mwaka 2018, miezi michache baada ya kifo chake, kwa ridhaa ya wasimamizi wa mirathi.

Filamu hiyo haina msimulizi wala mahojiano, na labda ndiyo sababu inasema mengi. Mwimbaji karibu hazungumzi kabisa. Wapiga picha wanaonekana wakitambaa kati ya viti, taa kali zinawatoa watu jasho, na usiku wa pili baba yake, mhubiri maarufu C. L. Franklin, anainuka alipoketi, anamwendea binti yake aliye kwenye piano katikati ya wimbo, na kumfuta uso kwa leso, yeye akiendelea kuimba bila kufungua macho. Tendo hilo ni la baba kwa mtoto, ni la mchungaji kwa muumini aliyezidiwa na Roho, na wakati huo huo ni la mtu anayejua kwamba kamera ziko mbele yake. Hayo matatu hayatenganiki. Baba huyo huyo anaueleza umati kwamba binti yake hakuwahi kuondoka kanisani, akiwajibu waliosema kuwa nyimbo za mapenzi zilimpoteza. Waandishi wengi wameendelea kuiita kazi hiyo kurudi kwa Aretha kanisani, kana kwamba mwenye neno hakusema. Suala la kisheria nalo lisichukuliwe kama doa la pembeni: mwanamke huyo aliutoa mwenyewe wimbo wake kwa ulimwengu mwaka 1972, lakini picha ya mwili wake akiwa katika ibada aliiwekea mlango wa peke yake, na aliufunga maisha yake yote.

Kuhusu Bob Marley pasemwe kwa ufupi. Marley ya Kevin Macdonald (2012), iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa familia, inaanza katika ngome ya watumwa nchini Ghana na kumfuata mhusika hadi ubatizo wake katika Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia mwaka 1980, miezi michache kabla ya kufariki Mei 1981. Ni kazi yenye bidii kubwa, lakini Urasta ndani yake ni sura ya wasifu kuliko mafundisho yanayoweza kuchambuliwa. Mtazamaji anaona nywele, moshi na ziara ya Mfalme Haile Selassie nchini Jamaika mwaka 1966, na haelezwi vya kutosha ni vipi mtu aliyemwamini mfalme huyo alifika kwenye ubatizo wa kanisa ambamo mfalme mwenyewe alisali.

Kinshasa inaleta swali kwa upande wa pili. Kinshasa Symphony (2010) ya Wajerumani Claus Wischmann na Martin Baer inawafuata wanamuziki wa okestra ya Kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, wakijiandaa kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Umeme unakatika katikati ya mazoezi na wapigaji wanaendelea gizani; mmoja wao anaweka viola chini na kwenda kutafuta hitilafu ya nyaya; mwingine anachonga ala kubwa za nyuzi kwa kuiga zilizopo. Watazamaji wa Ulaya waliipenda kwa sababu iliwaonyesha Beethoven wao akistahimili mahali palipokuwa na vumbi, na hapo ndipo kasoro yake ilipo. Kanisa lenyewe linapewa nafasi ndogo mno. Kimbangu alihubiri Nkamba mwaka 1921, Wabelgiji wakamkamata ndani ya mwaka huo huo, na akafia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Kanisa lake lina utamaduni mzito wa nyimbo zinazoaminiwa kupokewa kwa ufunuo, lina bendi za matarumbeta na filimbi, na linawakataza waumini pombe, tumbaku na kucheza dansi. Katika mji ambao jina lake duniani ni rumba, watu waliojinyima ukumbi wa dansi wamejijengea muziki mwingine mkubwa unaokaliwa kwenye viti, unaosomwa kwenye karatasi na kuongozwa kwa fimbo. Hilo si suala la Waafrika kuiga Ulaya, kama sehemu kubwa ya filamu inavyomwachia mtazamaji kudhani. Ni uamuzi wa kidini kuhusu mwili, nidhamu na heshima, na uamuzi huo umewapa utambulisho ndani ya Kinshasa kabla haujawapa jina ng'ambo.

Pwani ya Waswahili ina mkusanyiko wake wa filamu, na kuielewa kunaanzia Misri. Umm Kulthum: A Voice Like Egypt ya Michal Goldman (1996) inakumbusha kwamba mwimbaji mkubwa kuliko wote katika ulimwengu wa Kiarabu alikuwa binti wa imamu wa kijijini, aliyesomeshwa Kurani na kuimba kasida na nyimbo za maulidi pamoja na baba yake akiwa amevalishwa nguo za kiume. Matamshi yake safi, ambayo wapenzi wake waliyasifu hadi kifo chake mwaka 1975, ni matunda ya chuo cha Kurani. Zanzibar ilikuwa na uhusiano wa muda mrefu na Cairo hiyo, tangu Sultani Barghash alipomtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda kujifunza kanuni, ala ya nyuzi inayolazwa mapajani, na tangu kuundwa kwa Nadi Ikhwani Safaa mwaka 1905. Maisha ya kikundi hicho ndiyo mada ya Poetry in Motion ya Ron Mulvihill (2016), mwongozaji ambaye awali alishirikiana na Martin Mhando katika filamu ya Maangamizi. Kabla yake, mwaka 2009, Philippe Gasnier na Patrice Nezan walitengeneza Zanzibar Musical Club, yenye picha nzuri za mji na bahari, pengine nzuri kupita kiasi.

Taarabu si muziki wa ibada, lakini hutii kalenda ya ibada. Ramadhani hunyamaza, Idi hupamba moto, na wapigaji wake wengi ni watu wa msikitini kama jirani zao. Lipo pia jambo ambalo kamera hulinasa bila kulishika. Mwimbaji anapofika ubeti fulani, mwanamke mmoja huinuka, hutembea polepole hadi mbele akizungusha noti mkononi, humtunza mwimbaji, na kurudi kitini bila kumtazama mtu. Mgeni huona furaha na mavazi ya kupendeza. Mwenyeji huangalia ni ubeti upi uliomwinua, na nani aliyeinama aliposikia, kwa sababu maneno yale ya fumbo yalitumwa kwa mke mwenza, jirani au rafiki wa zamani, na kutunza ndiko kunakoitia sahihi barua hiyo. Maandishi ya tafsiri chini ya picha huyatoa maneno, na hayawezi kumtaja aliyelengwa. Filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya tamasha la ng'ambo haina haja ya kujua hilo, na kwa hiyo huielekeza kamera jukwaani wakati mkasa uko ukumbini.

Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, ambaye umri wake ulibaki kuwa wa kukisia hadi alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, ndiye aliyeibeba Zanzibar katika sinema ya dunia kupitia As Old as My Tongue ya Mwingereza Andy Jones (2006), iliyotoka mwaka mmoja baada ya bibi huyo kupewa tuzo ya WOMEX. Jones alimpenda mhusika wake, na upendo huo unaonekana. Ila sura iliyobaki vichwani mwa watazamaji wengi ni ya ajuza wa Kiislamu anayevuta sigara na kunywa pombe, mwasi anayewacheka wanaume wa dini. Kisiwani alijulikana kwa namna pana zaidi. Alikuwa mwimbaji wa taarabu aliyefuata nyayo za Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, na alikuwa kungwi wa unyago, yaani mwanamke anayewafunda mabinti juu ya mwili, ndoa na stara kwa nyimbo na ngoma. Taarabu ilitoka kasri la sultani na kuangalia Arabuni. Unyago ulikuja na watu wa bara, wengi wao wakiwa watumwa na wajukuu wao. Mwanamke mmoja alizishika pande zote mbili za kisiwa ambacho siasa yake imegombana kwa muda mrefu juu ya nani ni mwenyeji, na hapo ndipo palipokuwa na mada ya filamu nzito kuliko sigara. Kazi hiyo ina mpaka wake wa kimaumbile: mambo ya ndani ya unyago hayaonyeshwi kwa wanaume, na Bi Kidude, aliyekubali kupiga ngoma zake jukwaani Ulaya, alijua vizuri kipi ni cha jukwaani na kipi ni cha ndani kwa mwari. Filamu inapoufikia mpaka huo inafaa iseme kwamba imefika. Ikinyamaza, mtazamaji atadhani ameona yote.

Mfano wa Lamu unaonyesha jinsi mambo yangeweza kusimuliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alianzisha msikiti na chuo cha Riyadha, akaleta maulidi ya Habshi kutoka Hadhramaut yanayosomwa kwa madufu, na akawafungulia mlango wa elimu watu wa tabaka la chini ambao mji haukuwahesabu. Baadhi ya wakubwa wa Lamu walipinga dufu kuingia msikitini. Hoja ilikuwa ya kifiqhi, na chini yake palikuwa na hoja nyingine, ya nani anakaa safu ya mbele. Leo Maulidi ya Lamu huwaleta wageni kutoka pwani nzima, na wapo Waislamu wa mrengo mwingine wanaoyapinga upya kwa kuyaita bidaa. Hakuna hata upande mmoja katika mabishano haya ya zaidi ya karne moja uliokuwa dhidi ya dini, na filamu itakayoyafuata kwa subira haitahitaji msanii mmoja shujaa wa kulibeba swali zima.

Wakati waongozaji wa nje wanatafuta fedha na vibali, waumini wa Afrika Mashariki wamekuwa wakijipiga picha wenyewe kwa wingi usiokadirika. Kwaya za Tanzania, ambazo mtaalamu Gregory Barz alizitungia kitabu kizima mwaka 2003, zilihamia kwenye VHS, kisha VCD, kisha YouTube, zikijionyesha katika sare zilizoshonwa na fundi mmoja, zikipiga hatua kwa mistari ufukweni, bustanini na kando ya barabara mpya, jina la usharika likipita chini ya kioo pamoja na namba ya simu ya kuagiza kanda. Huko Unguja mpiga picha wa harusi hukodiwa pia kupiga maulidi ya homu, na waumini waliopiga magoti safu kwa safu, wakiyumba kwa pamoja, huchukuliwa kwa kamera moja isiyosogea tangu dua ya kufungua hadi ubani wa mwisho. Kazi hizi hazina msimulizi, hazina mgogoro uliotengenezwa, na wanaozilipia ndio wanaoonekana ndani yake. Ni wao wanaoamua nani asimame mbele, wimbo upi ukatwe na nani asionyeshwe uso. Tamasha la filamu la Zanzibar, ambalo limekuwa likifanyika tangu mwaka 1998, lina nafasi ya kuzipokea kama filamu za makala zenye haki sawa na zile za Vasarhelyi na Jones, na watafiti wa sinema wana sababu ya kuzikusanya mapema, kwa kuwa kanda za VHS zinaoza kwa unyevu wa pwani na VCD nyingi zilizouzwa nje ya makanisa katika miaka ya 2000 hazifunguki tena.